Nakala zenye namba za picha za waogeleaji: niweke ngapi, na aliyepigwa picha apate nini?

PichaMikindani

Wakuu, habari za jioni. Niko Mikindani. Riziki yangu ya kila siku ni studio: paspoti, harusi, mahafali ya kidato cha nne. Lakini kazi iliyonikaa moyoni ni kupiga picha watu wakiwa majini, na sasa amejitokeza mtu anayetaka kununua, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Nieleze kwanza picha zenyewe, maana naona jibu litategemea nani yuko ndani yake. Kuna za vijana wa hapa Mikindani: siku za bamvua, maji yakijaa kabisa, wanaogelea hadi kwenye jahazi lililotia nanga, wanapanda omo na kujitosa. Kuna za kina mama wa Shangani, Mtwara mjini, jioni za Jumapili na siku za Idi. Wanaingia baharini na madera yao, hewa inanaswa chini ya kitambaa, dera linavimba juu ya maji na mwenye nalo anacheka. Halafu kuna moja ya Msanga Mkuu. Ni alfajiri, upepo wa kusi haujaanza kuvuma, bahari imelala. Mvuvi anaogelea kuifuata mashua yake iliyoko kwenye kina, nguo kavu kazifunga kichwani, mkono mmoja uko juu ya maji. Nyuma yake mstari aliouacha kwenye maji umenyooka mpaka mwisho wa picha.

Hiyo ya Msanga Mkuu niliitundika studio. Mgeni kutoka Ufaransa aliyekuwa anajiandaa kuvuka kwenda Msumbiji alikuja kupiga picha ya viza, akaitazama muda mrefu, akaniuliza ni nakala ya ngapi kati ya ngapi. Nikamwambia nitamjibu kwa barua pepe. Akasema kama ina kikomo na imesainiwa, bei si tatizo.

Nikavuka kwenda kumweleza mvuvi aliye kwenye picha. Ni mtu mzima, namwita Baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Zikiuzwa kumi huko Ulaya, mimi huku nitajuaje kuwa ni kumi, si mia?" Sitaki kuuza hata moja kabla sijampelekea jibu la swali hilo.

Kwa hiyo naomba mnisaidie. Tukisema nakala zina kikomo, kikomo hicho kinalindwa na nini, wakati faili liko kwenye kompyuta yangu na printa haichoki? Niweke ngapi? Nikitoa saizi ya A2 leo, mwakani ninaruhusiwa kutoa kubwa zaidi? Na Baba apate kiasi gani, kwa njia ambayo ataihakiki mwenyewe bila kuniamini mimi kwa maneno? Kamera yangu ni ya megapikseli 24. Natanguliza shukrani.

Mbeba_Tripodi

Hongera dada. Ila mimi nakushauri usijifunge. Mpiga picha wa Tanzania hana soko kubwa kiasi cha kuwafukuza wateja. Ukitangaza 15, halafu hoteli ya hapo hapo Mtwara ikaja kuomba ya 16, utaikataa? Karatasi ipo, wino upo.

Chapa saizi ndogo kwa bei ya kawaida. Watu wa Mtwara wenyewe wanunue, hasa msimu wa korosho pesa inapokuwa mkononi. Picha ya mvuvi wa Msanga Mkuu ikaning'inie Ufaransa wakati Mtwara nzima hakuna aliye nayo? Mimi hilo linaniuma. Nauza picha zangu za mandhari bila namba yoyote na sijamdanganya mtu.

PichaMikindani

Kaka, hilo la watu wa Mtwara kuwa nayo nalitaka pia, wala sitalisahau. Lakini picha za mandhari hazina mtu wa kudai chochote. Hii ina mtu. Bila namba, Baba hana pa kuanzia kuhesabu. Nikimwambia "zimeuzwa kidogo", atalichukuliaje neno hilo?

Mtunza_Kuta

Dada, nimefanya kazi ya kutundika na kuuza picha kwenye maonyesho hapa Dar, nitaeleza kwa kadiri ninavyojua. Nisamehe kwa urefu.

Idadi inatangazwa kabla ya kuuza nakala ya kwanza, na ikishatangazwa haipandi tena. Unaweza kuishia njiani, ukauza tisa kati ya 15 ukaacha. Kuongeza ndiyo marufuku. Mnunuzi anayelipa bei kubwa analipia ahadi hiyo pamoja na karatasi. Pembeni huwa zinaruhusiwa nakala chache za msanii, kwa desturi kama moja ya kumi ya jumla, nazo zinaandikwa "nakala ya msanii" kwa mkono wako na zinatajwa kwenye cheti kinachoambatana na kila nakala. Zisiwe mlango wa nyuma.

Kwa kuwa mteja wako yuko Ufaransa, kuna jambo unalopaswa kulijua. Sheria za kodi za Umoja wa Ulaya zinaitambua picha kuwa kazi ya sanaa ikiwa imepigwa na msanii, imechapwa naye au chini ya usimamizi wake, imesainiwa, ina namba, na jumla ya nakala haizidi 30, saizi zote zikihesabiwa pamoja. Rudia hapo mwisho: saizi zote pamoja. Huwezi kutoa 30 za A2 na 30 za A1 ukasema kila moja ina kikomo chake. Kwa hiyo ukae chini ya 30, na nakala za msanii uzihesabu humo humo ili usije ukabishana na mtu.

Hilo linajibu pia swali lako la kutoa kubwa mwakani. William Eggleston, yule Mmarekani mkongwe wa picha za rangi, aliwahi kuuza picha zake zamani kwa nakala zenye kikomo. Machi 2012 baadhi ya picha hizo zilichapwa upya kwa njia ya kidijitali, kubwa kuliko za awali, zikapigwa mnada na kampuni ya Christie's, New York, pamoja na nyingine, na mnada wote ukaingiza takriban dola milioni 5.9. Jonathan Sobel, mkusanyaji aliyekuwa na nakala za zamani, akamshtaki kwamba thamani ya alizonunua imeshushwa. Mahakama iliitupa kesi mwaka 2013, kwa kuwa nakala mpya zilikuwa za saizi nyingine na njia nyingine ya kuchapa. Kwa sheria Eggleston alishinda. Lakini mimi na wewe hatuna jina lake, na mteja mmoja akihisi amezungukwa, wengine hawaji. Andika kwenye cheti tangu siku ya kwanza: saizi gani, ngapi, na kwamba hakuna saizi nyingine itakayofuata. Kama unataka kuacha nafasi ya kadi za posta au kuchapwa gazetini, iandike pia. Kinachotajwa mapema hakimuumizi mtu.

Na usidhani kwamba picha za waogeleaji ni mtindo wa kupita. André Kertész alimpiga muogeleaji akiwa chini ya maji huko Esztergom, Hungaria, mwaka 1917, wakati yeye mwenyewe ni askari anayeuguza jeraha. Mwili wa yule mtu umepindwa na mwanga uliopita majini. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado watu wanaitazama.

Sasa la Baba, ambalo kwangu ndilo kubwa. Hakuna sheria inayotaja asilimia ya mtu aliyepigwa picha, ni makubaliano. Ushauri wangu ni mmoja: mpe sehemu ya bei iliyoingia mkononi mwako, usimpe sehemu ya faida. Faida ina mambo mengi ndani yake, wino, nauli ya basi, bando, na yeye hawezi kuyakagua hata moja. Bei anaweza. Kama siku moja utauza kupitia duka la sanaa linalochukua nusu, ambayo ndiyo hali ya kawaida, mkataba useme wazi kwamba sehemu yake inatokana na nusu inayokufikia wewe.

Na hapa ndipo namba inapomfaa yeye kuliko inavyomfaa mnunuzi. Fungua daftari mbili zinazofanana, mistari 1 hadi 15. Moja kwako, moja kwake. Kila nakala ikiuzwa, mstari wake unajazwa kwenye daftari zote mbili: tarehe, nchi iliyokwenda, bei, pesa aliyotumiwa kwenye simu. Cheti cha kila nakala kibebe namba hiyo hiyo, na kabla hakijaondoka, kipige picha umtumie yeye au mwanawe mwenye WhatsApp. Akifungua daftari lake akakuta mistari sita imejaa, zimeuzwa sita.

Je, kuna kitu kinachokuzuia kuchapa ya saba kisirisiri? Hakuna kufuli. Lakini kila karatasi ina namba, na watu wawili wakijikuta wote wana 4/15, umekwisha, na itajulikana. Pia mchapaji ni shahidi wa tatu. Natumaini mmoja wao atasema neno humu.

Bei: usianze na moja hadi mwisho. Nakala tano za kwanza bei ya chini, tano zinazofuata ipande, za mwisho ipande tena. Baba naye atapata zaidi kadiri zinavyopungua, kwa hiyo hata yeye atakuwa na sababu ya kutaka kikomo kiheshimiwe. Na bei iwe moja kwa wote. Usimuuzie mgeni aliyesimama studio kwa nusu ya bei uliyomwandikia wa Ufaransa.

Nimalizie na karatasi za ridhaa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sura ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Andikeni kwa Kiswahili cha kawaida, ukurasa mmoja, mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji awe shahidi. Na kumbuka kumwambia mnunuzi kwamba ananunua nakala, hanunui hakimiliki. Hakimiliki inabaki kwako, hata kazi usipoisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ingawa kusajili kunasaidia siku ya kuthibitisha.

PichaMikindani

Ahsante sana. Hili la daftari mbili sikuwa nimeliwaza, na naona ndilo jibu lenyewe. Mimi nilikuwa naitazama namba kama kitu cha kumridhisha mzungu. Nitamchukulia daftari lenye jalada gumu, maana nyumba yake iko karibu sana na maji.

Swali dogo: Baba mwenyewe akitaka nakala ya kuweka ndani kwake, inahesabiwa?

Mtunza_Kuta

Inahesabiwa kwenye jumla, lakini ipe jina lake: nakala ya muogeleaji. Itaje kwenye cheti pamoja na za msanii. Ni haki yake, na wanunuzi niliowahi kuwaeleza jambo la namna hiyo waliliheshimu.

MamaKitunda

Wanangu, mimi si mpiga picha. Niko Kitunda, ng'ambo ya Lindi mjini, mjukuu wangu ndiye mwenye kamera na humu naingia kwa simu yake. Nimesoma habari ya huyo mvuvi nimefurahi. Lakini mbona hawa kina mama wa Shangani hakuna aliyewaulizia?

Nisikilizeni. Dera likilowa linashika mwili. Mimi nikiwa baharini na wenzangu jioni, tunaonana, tunajuana, hakuna ubaya. Nyumba ya mtu nisiyemjua, ukutani, miaka yote, hiyo ni habari nyingine. Mwenzangu anayecheka hapo majini anacheka na wewe, mwanangu, kwa kuwa wewe ni mwanamke na umesimama naye. Hajacheka na mtu wa Ufaransa.

Ukitaka kumuuliza, usimwoneshe kwenye simu. Kwenye simu kila kitu ni kidogo, atasema sawa. Ichape, iwe kubwa, mpelekee nyumbani aishike mkononi. Muulize akiwa peke yake, si mbele ya shoga zake, maana mbele yao ataona haya kukataa. Kisha mwachie, mwambie utarudi. Atakayetaka kumuuliza mumewe amuulize, atakayetaka kujiamulia ajiamulie, hilo ni lake. Ukirudi akasema hapana, usimbembeleze.

Na hao watoto wanaorukia majini kutoka kwenye jahazi, uliza mzazi, na mtoto mwenyewe pia muulize. Waliovua nguo zote usiuze kabisa, hata mzazi akikubali.

PichaMikindani

Shikamoo Mama. Nimekusikia, na nakubaliana nawe neno kwa neno. Za kina mama hakuna hata moja iliyotoka nje ya kompyuta yangu. Mwaka 2018 niliona picha za Anna Boyiazis zilizopata tuzo ya World Press Photo, za wasichana wa Nungwi, Unguja, wakijifunza kuogelea na nguo zao za stara, na hapo ndipo nilipojua kwamba mwanamke wa pwani anaweza kuoneshwa akiwa majini kwa heshima yake yote. Nataka kina mama wa Shangani wajione hivyo wao wenyewe kwanza. Nitazichapa na kuwapelekea mmoja mmoja kama ulivyosema. Zitakazokataliwa zitabaki kwa wenyewe.

Za watoto nimeamua kutouza kwa sasa. Kuna kijana mmoja wa miaka ishirini na kitu anayejitosa vizuri kuliko wote, nitaanza kuzungumza na huyo.

MamaKitunda

Marahaba mwanangu. Mungu akubariki.

Mchapaji_Ilala

Nimeitwa, nimekuja. Ninachapa picha za sanaa hapa Ilala, Dar es Salaam. Nitasema yale ambayo watu wa Mtwara na Lindi hunipigia simu kuniuliza.

Dada, kazi hii usiipeleke kwa watu wa mabango. Wino wao na flexi yao, ile plastiki ya mabango, ni kwa ajili ya barabarani. Usiipeleke pia kwenye mashine ya studio inayotoa picha za harusi, kwa sababu mashine zile zinajirekebisha zenyewe. Zikiona bahari ina mwanga mwingi na mtu mweusi katikati, zinavuta sura iwe nyeupe, ngozi inatoka rangi ya majivu. Mvuvi wako atakuwa si yeye. Unataka printa ya wino wa pigimenti (wa chembe za rangi, haufifii haraka) na karatasi ya pamba isiyo na asidi. Wengi hutumia Hahnemühle Photo Rag ya gramu 308, na kwa bahari iliyotulia alfajiri karatasi isiyong'aa inafaa kuliko inayong'aa.

Saizi: megapikseli 24 ni kama pikseli 6000 kwa 4000. Kwa nukta 300 kwa inchi unapata picha ya sentimita 50.8 kwa 33.9 bila kuinyoosha faili, na hiyo inakaa vizuri katikati ya karatasi ya A2 ukaacha ukingo mweupe wa kusainia. Ukingo huo usiuonee choyo. Namba iende kushoto chini ya picha, jina la picha katikati, saini kulia, yote kwa penseli laini. Penseli haififii kama kalamu ya kawaida, na ni vigumu kuiigiza kwa printa.

Rangi ndiyo ugomvi mkubwa wa picha za bahari ya huko kwenu. Ile bluu yenye kijani ya Msimbati na Ruvula haitoshi ndani ya sRGB, wigo wa rangi wa kawaida wa skrini. Kama umepiga RAW (faili ghafi la kamera), nitolee TIFF ya biti 16, faili lisilopunguza ubora, yenye AdobeRGB ambayo ni wigo mpana zaidi, usinitumie iliyopita WhatsApp. Hata hivyo kuna rangi ambazo skrini inazo na karatasi haina, hivyo tutachapa vipande vya majaribio kwanza. Viangalie mchana, karibu na dirisha, usiviangalie chini ya taa ya studio. Angalia vitu viwili tu: ngozi ya bega lililolowa, na pale maji yanapokutana na mbingu. Hivyo viwili vikikaa, vingine vitafuata.

Sasa la ushahidi. Mimi nikichapa kazi yenye namba naandika hati: jina la kazi, karatasi nzuri ngapi zimetoka, mbovu ngapi. Mbovu nachana mbele ya mteja, na kama yuko mbali narekodi video. Hati natoa nakala mbili. Naweza kutoa ya tatu ikaenda Msanga Mkuu, sioni tatizo. Na si lazima uchape zote 15 siku moja. Chapa tatu, ukiuza unarudi, ila andika kwenye faili profaili ya rangi, karatasi na vipimo vyote, ili ya 12 ifanane na ya kwanza.

Kuhifadhi: pwani kuna unyevu na karatasi ya pamba inaunywa. Zilale bapa ndani ya bahasha isiyo na asidi, kwenye sanduku lenye vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, mbali na ukuta wa nje. Kamwe usiipitishe kwenye mashine ya laminesheni.

Fundi_Ligula

Wakuu, mimi ni fundi wa fremu hapa Ligula, Mtwara. Naona picha imeshafika Ulaya, fremu haijatajwa.

Wageni wengi wakisikia Mtwara wanataka fremu ya mpingo kwa sababu ya vinyago vya Wamakonde. Nawaeleza ukweli: mpingo ni mzito mno, na ukikauka vibaya unapasuka. Tena tangu Januari 2017 jamii yote ya Dalbergia, ambayo mpingo umo, iko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Usitume mzigo wenye mti huo nje ya nchi kabla hujauliza maofisa wa misitu unahitaji vibali gani. Dada, picha ya Ufaransa itume bila fremu, iviringishe kwenye bomba gumu lenye kipenyo kisichopungua sentimita 10, na karatasi laini isiyo na asidi juu ya picha. Akifika kwao ataweka anayoitaka.

Za kubaki hapa nitakutengenezea za mninga. Ila kioo kisigusane na picha. Huku jasho la kioo likishika karatasi, imekwisha, haibanduki. Naweka kadi nene yenye dirisha katikati, na mgongoni naziba vizuri kwa sababu ya wadudu.

Mbeba_Tripodi

Nimesoma yote. Kuhusu mtu aliye ndani ya picha mmenishawishi, hapo namba ina kazi. Kwa mandhari bado nabaki na msimamo wangu. Ila sijajibiwa moja: watu wa Mtwara watapata nini? Nakala 15 za bei hiyo hakuna mwalimu wala bodaboda atakayeinunua.

PichaMikindani

Kaka, hilo nimelifikiria tangu uliposema. Kadi za posta za picha hiyo hiyo, na nitalitaja jambo hilo kwenye cheti kama Mtunza_Kuta alivyoshauri, ili mwenye nakala yenye namba ajue tangu mwanzo kwamba kadi zipo. Ziuzwe bei ya chini hapa Mikindani, stendi ya Mtwara na kwenye kivuko. Baba atakuwa na sehemu yake humo pia, kwa kuhesabu pakiti zinazotoka kiwandani. Na nakala namba 1 sitaipeleka Ufaransa. Nataka ikae Mtwara, mahali watu wanaingia bila kulipa. Nimeanza kuzungumza na shule moja ya sekondari yenye ukumbi mzuri, na mkuu wa shule amependa.

Haya ndiyo niliyoafikiana na Baba, nimevuka leo asubuhi. Picha moja tu kwanza, ile ya alfajiri. A2 peke yake, hakuna saizi nyingine. Nakala 15, mbili za msanii, moja ya muogeleaji, jumla 18. Robo ya kila bei itakayonifikia ni yake, inaingia kwenye simu yake siku hiyo hiyo. Daftari mbili. Hati ya mchapaji nakala tatu. Kama nikiacha kazi hii au nikifariki, faili halichapwi tena zaidi ya 18, na mdogo wangu amesaini hapo kama shahidi. Kipengele hicho alikitaka Baba mwenyewe. Akaongeza kingine ambacho sisi sote hatukukitaja: jina lake liandikwe nyuma ya kila nakala, jina kamili na jina la mashua. Nimekubali.

Akaniuliza pia kama anaweza kukataa mnunuzi. Tumeandika kwamba anaweza kukataa picha isitumike kwenye tangazo la biashara yoyote, lakini mnunuzi wa kuweka nyumbani kwake hatumchagui. Ameridhika.

Mchapaji_Ilala, nitaleta faili kwa flashi mwenyewe, nikipanda basi la Dar. Vipande vya majaribio vinahitaji siku ngapi?

Mchapaji_Ilala

Chapa ya majaribio na kukauka, uje siku moja, ulale, asubuhi yake tuangalie pamoja dirishani. Usikubali kuangalia vikiwa vimetoka sasa hivi, wino ukiwa mbichi nyeusi inadanganya. Njoo na picha ya ngozi ya mkono wake pia uliyopiga kivulini, hata ya simu, nipate cha kulinganishia.

PichaMikindani

Sawa, nitaipiga Ijumaa akirudi baharini.